Kupaka rangi modeli ya ndege ya vita kwa kufuata picha za zamani

Asalam aleikum na habari zenu wote. Kuna vijana kama watatu hapa Malindi wameanza kuunganisha modeli za ndege, boksi zenyewe wameletewa na jamaa walio ng'ambo, na kila mmoja akija nyumbani anasimama mbele ya kabati langu anauliza lilelile, hizi rangi ulizijuaje na picha zenyewe ni nyeusi na nyeupe? Nimejibu sana kwa mdomo, leo naandika yote mahali pamoja ili mtu asome polepole akiwa na brashi mkononi.

Mimi hii kitu ilinishika kwa sababu ya babu, Mungu amrehemu. Alikuwa akitusimulia ndege za Muitaliano zilivyokuja kuangusha mabomu hapa Malindi mwaka 1940, na kila akisimulia namuuliza zilikuwa rangi gani, naye ananijibu mwanangu zilikuwa juu na sisi tulikuwa tunakimbia. Hilo swali sikuliacha. Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kutafuta picha za ndege za wakati ule, na nikaona kwamba picha inasema mengi sana ukijua kuiuliza, na usipojua inakupoteza mchana kweupe.

Hatua ya kwanza, picha kabla ya rangi. Usiseme napaka Hurricane, ile ndege ya kivita ya Muingereza. Sema napaka Hurricane ile, yenye herufi zile ubavuni, iliyopigwa picha mwezi ule. Ndege za aina moja zilitofautiana kama mashua za wavuvi zinavyotofautiana, hata kama fundi aliyeziunda ni mmoja. Ile karatasi ya maelekezo ndani ya boksi isome lakini usiiamini moja kwa moja, wachoraji wake nao waliangalia picha kama wewe na wanakosea. Picha nzuri ziko kwenye intaneti bure: Library of Congress ya Marekani, National Archives yao, na Imperial War Museum ya Uingereza. Kwa mfano yule mpiga picha Toni Frissell alikwenda Ramitelli, Italia, Machi 1945 akawapiga picha marubani Weusi wa Marekani wale wa mikia myekundu, na hizo picha Library of Congress wanazo, unaona hadi marubani wenyewe na nguo zao kazini. Ukipakua chukua faili kubwa kabisa, ile ndogo ya kuonyesha haikufai kitu, ukikuza inakuwa ukungu mtupu. Bando ikiwa shida pakua usiku. Alafu tafuta zaidi ya moja, ubavu wa kushoto, wa kulia, ya juu ukibahatika, hata picha ya ndege jirani ya kikosi hichohicho inasaidia sana.

Hatua ya pili ni kujua picha ni ya lini, na hapa usitegemee tu maandishi ya chini ya picha, mara nyingi aliyeandika aliandika miaka mingi baadaye. Angalia alama za taifa, zenyewe ndio kalenda. Nyota ya Wamarekani ilikuwa na kidoto chekundu katikati mpaka Mei 1942 kikaondolewa wasichanganywe na Wajapani. Mwisho wa Juni 1943 nyota ikaongezwa vipande vyeupe pande mbili na mpaka mwekundu kuzunguka, na Agosti mwaka huohuo amri ikatoka mpaka uwe wa buluu. Kwa hivo ukiona nyota ina vipande pembeni huna haja ya kubishana na mtu, picha hiyo si ya 1942. Waingereza nao, duara la ubavuni liliongezwa pete ya njano nje Mei 1940, na mkiani ikaja mistari ya rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu. Chini ya tumbo, ndege zao za kivita zilikuwa nusu nyeusi nusu nyeupe, Juni 1940 ikaja rangi ya kijani hafifu wanayoiita Sky. Mwisho wa Novemba 1940 bawa la kushoto chini likarudi kuwa jeusi kwa miezi michache, na ukaongezwa mkanda wa Sky kuzunguka mwili karibu na mkia. Agosti 1941 kahawia ikatolewa juu ikaja kijivu. Waitaliano walipoingia vitani 1940 waliweka msalaba mweupe mkubwa kwenye mkia, ukiuona huo ujue ni ya wakati wa vita.

Lakini angalieni, amri ikitoka leo haimaanishi ndege zote zimepakwa kesho. Fundi wa uwanja wa mbali anapata rangi baada ya wiki nyingi. Kwa hivo alama mpya inakwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya tarehe fulani, basi. Alama ya zamani haikwambii kwamba amri bado haijatoka.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, sababu hapa ndo wengi tunaangukia na mimi niliangukia hapahapa. Filamu. Zamani zile kulikuwa na filamu nyeusi-nyeupe za aina mbili kubwa. Moja ni othokromatiki, hii haioni nyekundu kabisa. Kitu chekundu kinatoka karibu cheusi, njano inatoka nzito kuliko unavyotarajia, na buluu inatoka nyepesi. Nyingine ni pankromatiki, hii inaona rangi zote, na weusi na weupe wake uko karibu zaidi na jinsi jicho linavyoona mwanga na giza. Zote mbili zilitumika wakati wa vita, na ukiitazama picha juujuu zinafanana.

Utazijuaje? Tafuta duara la Muingereza kwenye picha. Katikati ni nyekundu, nje ni buluu nzito, hizo rangi tunazijua hazina ubishi. Ukiona nyekundu ni nyeusi tii na buluu ni kijivu chepesi, hiyo ni otho. Zikikaribiana, au buluu ndo nzito zaidi, hiyo ni pankro. Kama kuna wazungu wamesimama karibu na ndege angalia midomo yao, kwenye otho midomo inatoka myeusi kama wamepaka wanja.

Mimi Hurricane yangu ya kwanza ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe, niliifuatisha picha ya Agosti 1940. Nikatazama duara la ubavuni, nikaona nyekundu, nyeupe, buluu, alafu kamuflaji inaanza, yale mabaka ya kahawia na kijani ya kuificha ndege. Pete ya njano hakuna. Stika zilizokuja kwenye boksi zilikuwa nayo, mimi nikachukua wembe nikaikata pete yote kwa uangalifu, nusu siku nzima, nikaamini nimewazidi ujuzi waliotengeneza boksi. Ikakaa kabatini zaidi ya mwaka. Siku moja nimeifungua ile picha kwa faili kubwa, nikaona nyekundu ya katikati ni nyeusi kabisa na buluu imekuwa kama maji ya maziwa. Nikaketi kimya. Filamu ilikuwa otho, njano ilikuwepo, ila ilitoka kijivu kizito sawasawa na kahawia iliyo nyuma yake ikapotea ndani yake. Tarehe nayo ilikuwa inanipigia kelele, Agosti 1940, pete ilishaamriwa tangu Mei, na sikuisikia. Iliniuma sana.

Kosa lingine la namna hiyohiyo: mbele ya mabawa ya Hurricane na Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Muingereza, kwenye matundu ya bunduki, walibandika viraka vya kitambaa vilivyopakwa dopu nyekundu, ile rangi ya kukaza kitambaa cha ndege, kuzuia vumbi na barafu. Kwenye picha nyingi vinaonekana vyeusi na watu wanavipaka vyeusi. Ni vyekundu. Na kama ndege imeshapiga risasi viraka vimepasuka na masizi yamerudi nyuma chini ya bawa.

Kwa hivo shikeni hili: kwenye picha nyeusi-nyeupe husomi rangi, unasoma tofauti. Unatafuta kitu unachojua rangi yake, alafu unakipimia usichokijua, ndani ya picha ileile, sehemu inayopata mwanga uleule. Kulinganisha juu ya bawa na ubavu haifai, bawa linapigwa na jua na ubavu uko upande wa kivuli. Chini ya ndege ndo kabisa usihukumu, rangi nyepesi kama Sky ikiwa kivulini inaonekana nzito mpaka mtu anaapa ni kijivu. Mimi naprinti picha saiba kwenye karatasi kubwa, nachukua kalamu nyekundu naandika juu yake, hapa najua, hapa sijui, hapa kivuli, hapa ni mwako wa jua. Pale palipoandikwa najua ndo naanzia.

Na kuna mahali picha inafika mwisho wa uwezo wake. Jeshi la anga la Afrika Kusini, ambao mwaka 1940 walirusha ndege zao kutoka hapahapa Kenya kupigana na Waitaliano, walikuja kuwa na chungwa katikati ya duara badala ya nyekundu. Chungwa na nyekundu kwenye picha nyeusi-nyeupe zinaweza kukaribiana sana, huwezi kula kiapo kwa jicho. Hapo tafuta maandishi, kumbukumbu za kikosi, picha ya rangi ya ndege nyingine ya kikosi hicho. Usibahatishe tu kwa sababu chungwa ni nzuri.

Picha za rangi za zamani zipo, Kodachrome ilianza 1935 na kuna picha safi sana za viwanda vya ndege vya Marekani vya mwaka 1942. Zinasaidia mno, ila picha ya jua la magharibi inafanya kila kitu kiwe cha dhahabu, na skana nayo inaongeza yake. Pimia kwa kitu unachokijua, kama kawaida, nyeupe ya nyota ni nyeupe kweli au imekuwa ya manjano? Ikiwa ya manjano basi na kijani yako pale pembeni imepotoshwa kiasi hichohicho. Ila picha zilizotiwa rangi juzi kwa kompyuta, zile zinazosambaa, hizo weka kando kabisa. Ni nzuri kutazama lakini rangi yake ni ya kubuni, haitoki kwenye filamu.

Mambo mawili ya kuhakikisha kabla hujaamini picha yoyote. Moja, imegeuzwa? Negativu ikiwekwa kinyume kushoto inakuwa kulia. Herufi zitakwambia, na kama herufi hazionekani basi mlango mdogo wa rubani wa Spitfire uko ubavu wa kushoto, ukiuona kulia picha imegeuzwa. Hii ni muhimu sababu kamuflaji ya Muingereza ilikuwa na michoro miwili ambayo ni kioo cha mwenzake, ukigeuza umepaka ndege nyingine. Mbili, wakaguzi wa wakati wa vita walikuwa wanakwaruza namba na herufi za kikosi kwenye negativu ili adui asijue. Ukiona ubavu mtupu wenye doa la ajabu usiseme ndege haikuwa na herufi.

Vipimo sasa, hesabu ni ndogo usiogope. Chukua kitu unachojua ukubwa wake kilicho karibu na usichokijua, kwenye upande uleule. Tuseme duara la ubavuni ni la inchi 35, kwenye karatasi yako limetoka milimita 40, na herufi iliyo pembeni imetoka milimita 34. 34 gawa kwa 40 zidisha 35, herufi ilikuwa karibu inchi 30. Geuza iwe milimita, gawa kwa 72, unapata 10.5 hivi kwenye modeli. Usipimie kitu cha puani kwa kitu cha mkiani kama ndege imekaa mshazari, cha mbali kinakuwa kidogo.

Ile mistari myeusi na myeupe ya Juni 1944, ya siku walipovuka kwenda Normandy, ilikuwa mitano, nyeupe tatu nyeusi mbili, kila mmoja inchi 18 kwa ndege za injini moja na 24 kwa za injini mbili. Kwa 1/72 inchi 18 ni milimita 6.35, kwa 1/48 ni 9.5. Lakini tazama picha zenyewe kabla hujachukua maskingi tepu: ndege nyingi zilipakwa haraka kwa brashi za mkono, kingo zimepinda, rangi nyeupe inaonyesha ya chini yake. Ukiinyoosha kama imechorwa na rula umepoteza kitu cha kweli kilichokuwa kwenye picha. Mimi hapo naacha tepu napaka kwa mkono kabisa.

Kingo za kamuflaji nazo zisome hivohivo. Kuza picha mpaka pale kahawia inapokutana na kijani. Ikiwa ni kali, tumia tepu. Ikiwa ni laini, viringisha plastisini ya watoto nyembamba kama mkia wa panya, ilaze kwenye mpaka, alafu piga sprei kutoka juu, itatoka ukungu kidogo tu kama inavyotakiwa. Kuhamisha mchoro wenyewe, hesabu mistari ya mabati: kahawia inapita wapi, nyuma ya mlango au mbele yake, inagusa kona ya dirisha au haigusi. Mabati hayo yako na kwenye modeli.

Kupaka kwenyewe. Changanya rangi na uijaribu kwenye vijiko vya plastiki vyeupe ulivyopiga praima ya kijivu, uache ikauke kabisa, sababu akriliki ikikauka inazidi kuwa nzito. Hili nilifundishwa na fundi wa sprei za magari, yeye hapaki mlango wa gari ya mtu mpaka kipande chake cha kujaribia kimekauka. Rangi itazame barazani asubuhi kwenye kivuli, jua la saa sita la kwetu linaiosha na taa ya ndani inaitia umanjano. Mimi naongeza nyeupe kidogo kwenye kila rangi ya 1/72, kitu kidogo cha mkononi ukikipaka rangi ileile ya ndege kubwa kinaonekana kizito mno. Kuna wanaokataa hilo, mimi jicho langu linaniambia ni sawa.

Hewa yetu nayo ina mambo yake. Wakati wa kaskazi joto ni kali, rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki na bawa linakuwa kama msasa, ongeza thina kidogo na upige sprei alfajiri baada ya swala. Wakati wa masika unyevu ukizidi klia, ile vanishi isiyo na rangi, inageuka weupe kama ukungu, bora usubiri siku kavu hata kama ni wiki nzima. Na kabla ya stika piga klia ya kung'aa, bila hivo hewa inabaki chini yake zinametameta kama magamba ya samaki.

Kuchakaa, hapa nawaomba mwende ufuoni. Tazama mashua iliyopakwa mwaka jana: juu panapopigwa jua rangi imepauka na ina unga ukiigusa, chini ya ukingo bado imeshiba, na pale nahodha anapokanyaga kila siku mbao imetokeza. Ndege ni hivohivo. Picha itakuonyesha wapi mafundi walikanyaga, ni pale bawa linapoungana na mwili, upande anaopandia rubani. Moshi wa eksozi ufuate kwenye picha, unaanzia wapi na unafifia wapi, na usiupake mweusi wote, mafuta ya ndege wakati ule yalikuwa na madini ya risasi (ledi) ndani na yaliacha kijivu chepesi katikati ya weusi. Kama picha yako inaonyesha ndege mpya safi, iache safi, usichafue kwa sababu uchafu unapendeza.

Mwisho kabisa kabla ya klia ya mati, ile isiyong'aa, ipige picha modeli yako kwa simu, kutoka pembe ileile na jua la upande uleule kama picha ya zamani. Igeuze nyeusi-nyeupe. Kama ya zamani ilikuwa ya otho, ingia kwenye programu ya kuhariri picha, shusha nyekundu, chungwa na njano, pandisha buluu. Weka mbili pembeni pembeni. Pasipofanana rudi pale kwa brashi.

Ile Hurricane yangu niliishusha kabatini mwezi uliopita. Nikakwangua maduara ya ubavuni kwa msasa laini na maji, nikakata tepu duara la milimita 12.3, hiyo ni inchi 35, nikapaka njano, ikakauka siku mbili, nikabandika juu yake duara jipya la buluu la milimita 8.8. Ilivyokuwa mezani pete ilikuwa inawaka, nikaogopa imezidi. Nikaipiga picha barazani, nikaigeuza, nikashusha njano na nyekundu kama nilivyowaeleza, na pete ikazama ndani ya kahawia, ikapotea vilevile kama kwenye picha ya Agosti 1940.